FIKIRA KUBWA ZIMERUDI: TUZIPIME KWA MIZANI YETU



Katika mikutano ya tawi twasikia baadhi ya wenzetu wakisema hivi: "Chama kishughulike na mishahara. Mambo ya nadharia tuwaachie walimu wa chuo kikuu." Neno hili lilisemwa kwa nguvu pale lilipoletwa shauri la kutenga fedha kidogo kwa darasa la jioni, ambamo wanachama watasoma na kuzungumza juu ya fikira kubwa za siasa na uchumi. Wako walioliunga mkono shauri hilo, na wako waliolikataa. Litapigiwa kura. Kabla ya kura hiyo twapenda kuweka maoni yetu mbele yenu, ili kila mmoja ayapime mwenyewe.

Wale wanaokataa twawaheshimu. Mtu aliyeamka alfajiri, akaingia katika majani ya chai kungali na umande, akabeba kikapu mgongoni mpaka jioni, ana haki ya kuuliza darasa litamletea nini. Nadharia haichemshi maji ya chai, wala hailipi kodi ya chumba. Lakini twasema kwamba nadharia ndiyo iliyomfanya mtu huyo awe mwenye kikapu na mwingine awe mwenye shamba. Jambo lililokwisha kukupangia maisha haifai kulipa kisogo.

Nadharia kubwa ni nini? Ni maelezo yanayotaka kuishika jamii nzima kwa mkono mmoja: mali yatoka wapi, nani aifanyie kazi, nani aigawe, na kesho itakuwaje. Mtu akisema, "Bei ya majani imeshuka mwezi huu," hiyo ni habari. Akisema, "Bei hushuka kwa sababu soko la dunia limepangwa namna fulani, na mwenye shamba na mchumaji wote hawana nguvu juu yake," hiyo ni nadharia. Habari ni kama ukuni mmoja. Nadharia ni kamba inayofunga kuni nyingi kuwa mzigo, na yafaa kuuliza mzigo huo atatwikwa nani.

Tazameni karatasi ya mshahara. Mwenzetu anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 300 za nyumba, yaani asilimia 1.5, na tajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Hukatwa pia shilingi 550 za bima ya afya, SHIF, yaani asilimia 2.75, na hapo tajiri haongezi hata senti moja. Tena hukatwa akiba ya uzeeni ya NSSF, na hapo tajiri hutoa sawa na yeye. Kwa nini tajiri alipe katika nyumba, alipe katika uzee, asilipe katika ugonjwa? Hesabu haina jibu la swali hili. Jibu limo katika fikira za walioandika sheria, juu ya nani ambebe nani katika nchi. Ile ada ya nyumba Mahakama Kuu iliitangua Novemba 2023, nayo ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Watu hawashindani hivyo kwa ajili ya hesabu tu. Wanashindana juu ya mfano wa jamii.

Basi na tuangalie mifano hiyo imepitaje hapa kwetu, kuuzunguka Mlima huu.

Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha kule London kitabu juu ya watu wanaoishi wakiutazama Mlima Kenya. Alikuwa amesoma chini ya Bronislaw Malinowski, ambaye aliifundisha jamii kuwa kama mwili mmoja, kila kiungo kina kazi yake na vyote vyasaidiana. Kenyatta alichukua silaha hiyo akaielekeza kwa mkoloni. Alionyesha kwamba ardhi ndiyo uti wa mgongo wa maisha ya Wagikuyu, na kwamba anayeichukua ardhi huuvunja mwili mzima. Ilikuwa nadharia kubwa, nayo ilifanya kazi kubwa. Lakini katika picha ya mwili unaosaidiana ni vigumu kuiona njaa ya mtu asiye na shamba. Mkono haulalamiki kwamba tumbo limeshiba peke yake.

Mwaka 1954 ukaja mpango wa R. J. M. Swynnerton wa idara ya kilimo. Vita vya msituni vilikuwa vikiendelea. Wengi walikuwa kizuizini, na kuanzia mwaka huo zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Wakati huo huo vipande vya mashamba vilikuwa vikiunganishwa na kupewa hati, na Nyeri ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza. Wako waliotoka kizuizini wakakuta mipaka imekwisha kupimwa bila wao. Mpango ule haukuficha nia yake. Ulisema wazi kwamba Mwafrika mwenye uwezo na bidii atapata ardhi zaidi, na mkulima mbaya au maskini atapata kidogo, kisha litatokea tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo. Jambo hilo ukaliita hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi.

Soma tena maneno hayo, ndugu: hatua ya kawaida. Hiyo ni nadharia ya ngazi. Nchi zote zapanda ngazi moja, na kila daraja lina watu wake wa kukanyagwa. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, W. W. Rostow wa Marekani aliandika ngazi ya daraja tano za kukua kwa uchumi, na ngazi hiyo ikafundishwa kote katika nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Hatusemi kwamba mpango wa Swynnerton haukuleta kitu. Mwafrika alifunguliwa mlango wa kahawa na chai. Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo, Ragati, kilijengwa upande wa Karatina mwaka 1957. Mabati yakaezekwa, shule zikajengwa, watoto wakasoma. Lakini yule aliyekosa hati ndiye baba, au babu, wa wengi wetu tunaosimama mstarini asubuhi kungoja kazi ya kibarua.

Kisha ukaja Uhuru, na Aprili 1965 Serikali ikatoa Waraka Nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waziri wa Mipango alikuwa Tom Mboya, mtu aliyekulia katika vyama vya wafanyakazi. Waraka ule ulisema kwamba matabaka makali yaliyokuwako Ulaya hayana mfano katika jamii ya Kiafrika. Basi hebu tuweke karatasi mbili pamoja. Mwaka 1954 mkoloni aliandika kwamba tabaka la wenye ardhi na la wasio nayo linakuja, naye akalitengenezea njia. Mwaka 1965, miaka 11 tu baadaye, sisi wenyewe tukaandika kwamba matabaka si jambo letu. Mchumaji wa kahawa wa Othaya angeweza kuzisoma zote mbili, akajua ipi iliyomtaja.

Waraka huo ulisema pia kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali patakapozaa zaidi, penye udongo mzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa maneno hayo sehemu zetu za Mlima zilipendelewa, na sehemu nyingine za Kenya zikasahauliwa. Twapaswa kulisema hili bila kificho, hata kama lilitufaa. Mwaka huo huo, katika jarida la East Africa Journal, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliuchambua Waraka akiuliza ujamaa wenyewe uko wapi ndani yake. Bildad Kaggia wa Kandara, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha makarani, aliendelea kuuliza habari ya wasio na ardhi, na mwaka 1966 akatoka KANU. Ubishi ule haukuwa wa watu wasio na kazi. Shamba la nani lingegawiwa na la nani lisiguswe, ndilo lililokuwa likibishaniwa.

Sasa tutazame dunia kidogo, kisha turudi. Mwaka 1959 C. Wright Mills, mwalimu wa Marekani, alizishambulia nadharia kubwa za wakati wake kuwa ni mlima wa maneno usio na mtu ndani yake. Papo hapo akawakemea na wale wanaohesabu vijambo vidogo mwaka mzima bila kuuliza swali lo lote kubwa. Hata hivyo nadharia kubwa hazikufa. Mwaka 1971 John Rawls alitoa kitabu juu ya haki. Fikira yake twaweza kuieleza kwa mbuzi: yule anayegawa mafungu ya nyama agawe bila kujua fungu lipi litakuwa lake, na ndipo mafungu yatakapokuwa ya haki. Mwaka 1975 Michel Foucault wa Ufaransa alieleza jinsi utawala unavyomshika mtu kwa kumwandika, kumpanga na kumwangalia daima. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni tangu miaka ya 1920 wasingehitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kufika mwaka 1985 Quentin Skinner wa Cambridge alihariri kitabu kizima kutangaza kwamba nadharia kubwa zimerudi katika elimu ya jamii.

Nasi je? Katika miaka hiyo kulikuwa na mabishano makubwa juu ya Kenya yenyewe, na Nyeri ilikuwa ndani yake. Mwaka 1972 Walter Rodney alichapisha kitabu chake cha namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, wakati akifundisha Dar es Salaam. Mwaka 1975 Colin Leys akaandika juu ya Kenya kwa nadharia ya jamii hiyo: kwamba nchi kama yetu imefungwa kwa mali ya kigeni, na matajiri wake wenyewe ni vivuli tu. Lakini wengine walikwenda kuangalia mashamba. Michael Cowen alichunguza kaya za wakulima wadogo wa Magutu, huko Mathira, akitazama ardhi yao, chai yao, kazi ya nyumbani na mshahara wa nje. Kutokana na kazi za namna hiyo mabishano yakageuka. Mwaka 1978 Leys mwenyewe aliandika kwamba maoni yake ya kwanza hayakutosha, maana matajiri wa Kenya walikuwa wakikua kweli kweli na kujikusanyia mali.

Jambo hili ni la maana kuliko linavyoonekana. Nadharia iliyokuwa ikizungumzwa London, Dar es Salaam na Amerika ya Kusini ilitikiswa na habari za mashamba ya majani ya chai ya Mathira. Ilitikisika kwa sababu kuna mtu aliyeziandika. Habari zisizoandikwa hazitikisi kitu. Na aliyeziandika hakuwa mmoja wetu.

Baada ya hapo tuliambiwa kwamba siku za nadharia zimekwisha. Tangu mwaka 1980 Benki ya Dunia ilianza kuikopesha Kenya kwa masharti ya kurekebisha uchumi. Tuliambiwa: sasa kuna hesabu tu, kuna miradi tu, siasa kubwa zimepitwa na wakati. Mwisho wa 1989 hospitali za Serikali zikaanza kutoza ada. Mwezi Julai mwaka huo huo mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Kahawa ya Kenya, iliyokaribia tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, katika miaka ya 2010 haikufika hata nusu yake. Ukitembea kutoka Karatina hadi Mukurweini waweza kuona mahali mikahawa ilipong'olewa. Walisema hakuna nadharia, lakini ilikuwako: kwamba soko likiachwa huru litamfikisha kila mtu mahali pake. Nadharia isiyojitaja jina ni hatari kuliko zote, maana huwezi kuipinga kitu ambacho unaambiwa hakipo.

Leo nadharia kubwa zimerudi waziwazi. Baada ya mabenki ya dunia kuyumba mwaka 2008, watu waliuliza tena maswali makubwa. Mwaka 2013 Thomas Piketty wa Ufaransa alitoa kitabu kikubwa cha hesabu za karne nyingi, akisema kwamba mali iliyokwisha kukusanywa ikizaa upesi kuliko uchumi unavyokua, aliye nacho humwacha asiye nacho mbali zaidi kila mwaka. Mwaka 2021 David Graeber na David Wengrow walitoa kitabu kinachoipinga ngazi yenyewe. Walionyesha kwamba watu wa kale walijaribu namna nyingi za kuishi na kutawala, wala hawakulazimika kupitia njia moja. Kama hilo ni kweli, basi lile neno la 1954, hatua ya kawaida, halikuwa sheria ya dunia. Lilikuwa uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hubadilishwa na watu.

Na hapa nyumbani, katika uchaguzi wa 2022, wilaya za Mlima zilipiga kura kwa wingi kwa nadharia ya uchumi wa kuanzia chini kwenda juu. Ilimtaja mwenye mkokoteni, mama wa sokoni, kijana wa bodaboda. Watu waliipenda kwa sababu hatimaye nadharia fulani iliwataja. Miaka miwili baadaye, Juni 2024, vijana wa Nyeri, Nanyuki na Embu walikuwa barabarani pamoja na wa nchi nzima kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 26 mwezi huo Rais akasema hatautia sahihi. Hatuandiki haya kumsifu wala kumlaumu mwanasiasa. Twataka mwone kwamba wale vijana walikuwa wakiipima nadharia. Waliuliza: ikiwa uchumi waanzia chini, mbona makato nayo yaanzia chini?

Lakini iko nadharia moja iliyo karibu nasi kuliko hizo zote, nayo haiandikwi katika vitabu. Ni nadharia ya Mlima. Yasema hivi: watu wa Mlima ni kitu kimoja, wana shida moja, wana msemaji mmoja, na wakipiga kura pamoja watapona pamoja. Tangu mabishano ya Seneti ya mwaka 2020 juu ya mgao wa fedha za kaunti imepewa na wimbo wake: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja.

Hatuidharau. Ndani yake kuna swali la haki, kwamba penye watu wengi paende fedha nyingi. Lakini tuifuate ile shilingi moja mpaka mwisho wa safari. Ikifika Nyeri, yaingia mlango gani? Mwenye ghorofa mjini na msichana anayefua nguo katika ghorofa hiyo wote ni watu wa Mlima. Mwenye ekari 50 na mchumaji wake ambaye hana hata mahali pa kupanda sukuma wiki wote ni watu wa Mlima. Na yule aliyetoka Turkana au Kakamega, anayechuma katika mstari mmoja nasi na kulipwa kwa kilo kama sisi, yeye si mtu wa Mlima. Nadharia hii yatuunganisha na tajiri wetu, na kututenga na mwenzetu wa kazi. Kwa sababu hiyo twasema kwamba mfanyakazi aipime mara mbili kabla ya kuiimba.

Je, iko nadharia kubwa iliyoanzia kwa watu wa chini kweli? Iko, nayo ilizaliwa hapa hapa. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya upandaji miti iliyokuja kuitwa Green Belt. Alianza kwa kuwasikiliza wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, maji machafu, chakula hakitoshi. Akauliza kwa nini kuni ziko mbali, akafika kwenye msitu uliokatwa. Akauliza nani aliukata, akafika kwenye utawala. Mwaka 1989 alipinga jengo refu kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na miaka kumi baadaye alikuwa akiutetea msitu wa Karura. Mwisho alieleza fikira yake kwa kigoda cha miguu mitatu: mazingira yanayotunzwa, utawala wa kidemokrasia, na amani. Mguu mmoja ukivunjika, kigoda chaanguka. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Tazameni pia jinsi kazi ile ilivyolipwa. Wanawake walipewa fedha kidogo kwa kila mche uliobaki hai. Mche uliopandwa ukafa haukuhesabiwa. Hivyo ndivyo twapenda kila nadharia ihesabiwe: kwa miche iliyo hai, si kwa mashimo yaliyochimbwa siku mkubwa alipokuja kupigwa picha.

Kutokana na haya yote twaona kwamba mfanyakazi anaweza kuipima nadharia yo yote kubwa kwa maswali matatu.

La kwanza: Nani abeba, na nani apokea? Asiyeweza kulijibu kwa shilingi na kilo hajafika kwetu bado.

La pili: Nani hayumo katika picha? Katika picha ya 1938 ni yule asiye na shamba. Katika ile ya 1965 ni tabaka zima. Katika picha ya Mlima ni mwenzetu aliyetoka mbali, na mara nyingi ni mama anayefanya kazi ya nyumbani ambayo haimo katika hesabu ya mtu ye yote.

La tatu: Ni jambo gani likitokea, mwenye nadharia atakubali kwamba fikira yake haikutosha? Leys alikubali mwaka 1978. Mwanasiasa asiyeweza kutaja jambo hata moja hana nadharia. Ana dini, na anataka sadaka yetu.

Sasa twarudi kwa wenzetu wanaosema chama kishughulike na mishahara tu. Twawakumbusha habari ya Makhan Singh na Fred Kubai. Mwaka 1949 waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Walidai mishahara, saa za kazi, nyumba. Lakini kila walipodai mshahara walikutana na rangi ya ngozi na sheria ya mkoloni. Wakaona kwamba senti za mfanyakazi zimefungwa pamoja na utawala wa nchi. Ndipo tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh akasimama akadai uhuru wa Afrika ya Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata, akakaa kizuizini mpaka Oktoba 1961. Kama angeshughulika na mishahara tu, hata mishahara asingeielewa.

Iko hofu nyingine, nayo ni ya haki: kwamba darasa litakuwa mahali pa maneno makubwa, na mwenye Kiingereza kingi ndiye atakayesema. Hofu hii twaichukua kwa uzito. Kwa hivyo twapendekeza darasa lifanywe kwa Kiswahili, na mtu atakayetumia neno ambalo mchumaji hafahamu alieleze kwanza au aliache. Tena lisiwe darasa la kusoma tu. Kila mwanachama alete daftari. Humo aandike kila wiki: kilo alizopimiwa, bei kwa kilo, siku alizopata kazi na siku alizorudishwa nyumbani, makato, kodi ya chumba, bei ya unga, karo ya watoto. Jioni tusome fikira moja kubwa, kisha tufungue madaftari tuone kama yakubaliana nayo.

Baada ya miezi kumi na miwili tawi litakuwa na kitu ambacho halijawahi kuwa nacho. Siku ya mapatano tajiri atakuja na karatasi zake, kama ajavyo siku zote, akituambia kwamba soko ni baya. Safari hii nasi tutakuwa na karatasi zetu, zilizoandikwa kwa mikono yetu, kutoka Othaya hadi Karatina. Na mtu wa siasa akija na nadharia mpya, tutamkaribisha, tutampa kiti, kisha tutamfungulia madaftari.

Wazee husema, asiyejua maana haambiwi maana. Sisi twasema kwamba mfanyakazi anajua maana tangu zamani, kwa mgongo wake. Kilichobaki ni kuiandika, kuiunganisha na ya mwenzake, na kuipa jina. Fikira kubwa zimerudi, na zitaendelea kuja upende usipende. Zikitukuta hatuna yetu, zitatuvaa.

Siku ya kura njooni nyote, wanaounga mkono na wanaopinga. Anayepinga aseme hoja yake wazi, nasi tutaisikiliza. Maoni yetu ndiyo hayo: fedha za darasa zitengwe, na madaftari yaanze mwezi huu.

Umoja ni nguvu.